Dali ya Dakika Ishirini

Dakika ishirini na chakula kiko mezani. Ndivyo anavyosema yule mama wa kwenye video. Anatabasamu, kucha safi, jiko linang'aa, vibakuli vya viungo vimepangwa mbele yake. Vitunguu vimeshakatwa. Nyanya zimeshasagwa. Mbaazi zimeshachemka. Nani alikata? Nani alisaga? Nani alikesha na hizo mbaazi? Hasemi. Yeye anamimina tu, anakoroga, anatabasamu tena. Mimi huku Upanga, ghorofa za zamani, chumba cha chini karibu na tangi la maji, nimesimama na kisu butu, kitunguu kinanitoa machozi, na dakika zake zote zimekwisha kabla sijakiona kiberiti.

Na wala sikujitakia. Mimi ni mlaji. Kazi ya kula naifanya vizuri, hajawahi kulalamika mtu. Shida ni kwamba kila mshahara ukitoka nilikuwa napitia mgahawa mmoja wa Kihindi mjini, nafungiwa kuku wa siagi, yule mwekundu, na naan za moto, nakula garini kwa jamaa yangu kabla sijafika nyumbani. Mama watoto akazikuta risiti kwenye suruali. Akazijumlisha. Yule ni mweka hazina wa kikundi chao cha VICOBA, hesabu hazimpigi chenga. Wenzangu wanafumaniwa na mambo makubwa ya kusimulia. Mimi nimefumaniwa na kuku.

Akaniambia hela hii ni LUKU ya nyumba nzima. Kisha akanishikisha simu. "Haya, baba watoto, iko humu. Mwenyewe unaona, rahisi. Jumamosi jiko ni lako."

Ukitaka kujifunza mapishi ya Kihindi wanakuanzishia dali. Ndiyo chekechea. Huko India dali na wali ni chakula cha nyumbani, mwanafunzi wa hosteli anaipika, mgonjwa anapewa, mtoto anayeota meno analishwa. Nikajua hapa nimepewa mtihani wa bure.

Nikaenda Kisutu. Ukiingia kwenye lile duka la viungo pua inapiga saluti kabla yako. Magunia yamefunuliwa midomo: choroko, dengu, adesi, mbaazi, nzima, zilizopasuliwa, zenye maganda, zilizovuliwa maganda, nyekundu, njano, kijani, nyeusi. Mimi nimekuzwa na maharage. Maharage hayana maswali. Nikasema nataka dali. Mzee mwenye duka akanitazama kwa juu ya miwani. "Dali gani, bwana?" Nikamjibu ya kawaida. Foleni yote nyuma yangu ikacheka, mpaka kijana wa kubeba mizigo ambaye naye nina hakika hajui.

Ya kawaida kwa nani? Kwa Mgujarati ni mbaazi zilizokobolewa, zinatiwa tamutamu na uchachu. Kwa Mpunjabi ni choroko nyeusi na maharage mekundu, zinatokota taratibu masaa na masaa, zinamaliziwa kwa siagi na krimu. Mbengali ana adesi yake nyekundu. Nilipewa hotuba nzima nimesimama na mfuko mtupu.

Nikachukua mbaazi. Sasa bei! Ndugu yangu, mbaazi naijua. Nina mjomba Lindi, analima mbaazi tangu sijazaliwa. Mwaka 2017 India ilipotangaza kwamba haitaingiza mbaazi za nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, bei kule kusini ilianguka vibaya. Mjomba akanipigia simu niende nikachukue gunia la bure. Nikajivuta. Nikamwambia nyumbani hatuzipendi sana. Leo nanunua mbaazi hizohizo, zimevuliwa ganda, zimepasuliwa katikati, zimetiwa kwenye pakiti yenye picha ya mama anayecheka. Najua anamcheka nani.

Yule mzee akaongeza kikopo kidogo. "Na mvuje, bwana. Dali haiendi bila mvuje." Nikarudi hatua nyuma. Mvuje! Mimi nimelelewa na bibi Bagamoyo. Mvuje ni ule mtoto mchanga anafungiwa mkononi kwa kitambaa cheusi, shetani akinusa tu anaghairi safari. Leo niutie chunguni nile na wanangu? Mzee akanieleza kwa upole kwamba ni chembe tu, kwamba ukiingia kwenye mafuta ya moto ile harufu inageuka, inakuja ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Wajaini ambao hawagusi kitunguu wala saumu mvuje ndio unawabeba. Tena unasaidia gesi tumboni. Nikamwuliza, na shetani je? "Naye atatoka," akasema, "lipa kwanza."

Nikatoka pale na manjano, giligilani, binzari nyembamba, haradali, ukwaju, sukari guru. Sukari kwenye mbaazi! Niliificha chini kabisa ya mfuko nisije nikaonwa na watu wa kwetu.

Manjano ndiyo yaliyonimaliza heshima. Niliyapima kwa vidole. Vidole vikawa vya njano, kucha njano, swichi ya taa njano, dera jeupe la mama watoto njano pale nilipomshika bega kumwomba msamaha wa swichi. Sabuni inayachekea. Jumatatu ofisini mhasibu akanishika mkono akauangalia huku na huku. Akauliza kwa sauti ya chumba kizima kama nilifanyiwa singo, na harusi ni lini. Wiki ile yote akina dada wa mapokezi walikuwa wananiita bi harusi. Bosi naye akaniuliza kama nimepima ini.

Lakini turudi jikoni. Dali haipikwi kwa saa, bwana, inapikwa kwa filimbi. Kwenye majiko ya India mtu hakutajii dakika, anakutajia filimbi. Sufuria ya presha ikishiba mvuke inanyanyua kile kizito cha juu, inapuliza, unahesabu. Filimbi tatu, zima moto, kaa pembeni. Mimi sina sufuria ya presha. Nikapanda ghorofa ya juu kwa Baa. Baa ni bibi wa Kigujarati, jengo zima tunamwita Baa, hata mwenye duka la chini ambaye ana mvi kumzidi. Amezaliwa Dar, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Akanipa sufuria, akaniambia, "Baba, isikilize. Usiitazame, isikilize."

Sawa. Nikaisikiliza. Sasa nyuma ya ukuta wetu kuna kiwanja. Jumamosi jioni ni chandimu. Refa wao ni kijana mmoja aliyepewa filimbi akaona amepewa serikali. Akapuliza ya kuanza. Akapuliza ya faulo. Akapuliza ya ofsaidi, kwenye chandimu, ofsaidi! Tatu hizo. Nikazima gesi. Sufuria yenyewe ilikuwa bado haijasema neno.

Nikapakua. Mbaazi ziligonga sahani zikadunda. Mtoto wetu mdogo akaziomba achezee bao. Nikatoka mpaka kiwanjani, nikamweleza refa kistaarabu kwamba ameniharibia chakula. Akanitazama. Akaingiza mkono mfukoni. Akanionyesha kadi. Mimi sikuwa hata mchezaji.

Basi sufuria ikarudi jikoni, zamu hii dirisha limefungwa, na kweli ikapuliza yenyewe, na mbaazi zikalainika zikawa uji wa njano mzuri tu. Nikasema hapa nimefika. Kumbe hapo ndipo wanapoanza. Bila tadka hiyo si dali, ni mbaazi zilizochemshwa. Unapasha samli au mafuta kwenye kikaango kidogo, unatupia viungo vizima, vinalia, vinatoa roho yao kwenye mafuta, halafu unamwagia yote juu ya dali ingali moto. Sekunde tu. Ladha nyingi iko kwenye hizo sekunde, ndiyo maana mama wa video pale anaacha kutabasamu.

Kwanza haradali. Haradali mimi naijua ya kwenye mahubiri. Punje ndogo, imani, mlima unahama. Hakuna mhubiri hata mmoja aliyenionya kwamba ikikutana na mafuta ya moto inaruka. Ya kwanza ilinipata shavuni. Ya pili ikachagua upara. Nikajificha nyuma ya mlango wa friji, zinalia pa-pa-pa, mama wa video ananiambia nisubiri zitulie. Zikatulia. Nikatupa binzari nyembamba. Nikatupa mvuje. Nikatupa pilipili kavu nikiwa mbali, mkono umenyooka, uso nimeugeuzia ukutani.

Pilipili kavu kwenye mafuta yaliyopitiliza moto, jamani, isikie kwa mwenzio. Nilianza mimi kukohoa. Wakapokea watoto. Ghorofa ya kwanza ikaitikia, ya pili ikaitikia, kule juu nikamsikia Baa anafunga madirisha moja baada ya jingine. Kiwanjani mpira ukasimama, refa akapuliza na hii ilikuwa ya kunikomesha mimi. Watu wa daladala waliotoka kituoni wakajua polisi wamepiga mabomu ya machozi, wakakimbia njia ya pili. Mjumbe akaja na leso puani. "Kuna nini hapa?" Nikamwambia tadka. Akaliandika kwenye daftari.

Na pilipili yenyewe wala si ya India kwa asili! Ilitoka Amerika, Wareno wakaifikisha India miaka ya 1500. Nyanya pia ya hukohuko Amerika. Kabla ya hapo Wahindi walikuwa wanajikohoza kwa pilipili manga yao wenyewe ya pwani ya Malabar, na mambo yanakwenda. Wareno hawa tuna kesi nao tangu Fort Jesus. Hii nimeiongezea kwenye faili.

Baa akashuka na kijiko chake mkononi. Akaonja. Akafumba macho. Nikadhani utamu. "Baba, chumvi?" Nimeweka. "Ukwaju?" Nimeweka. "Sukari guru?" Nikaangalia chini. Nikamwuliza basi aniambie vipimo, kijiko kimoja, nusu, robo, niandike. Akashangaa. Vipimo gani? Ana lile kopo lake la duara la chuma, ndani vikopo saba vidogo, anafunua, vidole vinaingia, vinatoka, amemaliza, huku anazungumza na mjukuu kwenye simu. Kiasi. Kiasi gani, Baa? Kiasi chake. Mpaka inukie. Mpaka inukie nini? Akaniangalia kwa huruma, akanirushia sukari guru ndani mwenyewe. Na ubaya wake dali ikawa dali. Watoto wakashangilia. Wakamshangilia Baa.

Nikaona nimpigie mama yangu mzazi anipe moyo. Maana nimesikia kuna Madhur Jaffrey, mwigizaji, ambaye alikwenda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji, hajui kupika kitu. Akawa anamwandikia mama yake India, mama anamrudishia mapishi kwa barua. Akajifunza kwa barua tu! Mwaka 1973 akatoa kitabu cha mapishi ya Kihindi, 1982 BBC ikamweka kwenye televisheni, Waingereza wakawa wanapika kwa kumtazama yeye. Nikasema na mimi nina mama. Nikampigia, nikamwambia, mama, niko jikoni, napika. Kimya. Kisha akaniuliza, "Kwani mwenzio amekwenda wapi? Mmegombana?" Kabla sijajibu alishampa simu shangazi. Mpaka jioni ukoo mzima ulikuwa unajua nimeachwa. Mjomba wa Lindi akaahidi kuleta mbaazi za rambirambi.

Dosa nisiiongelee sana, bado tuko kwenye maudhi. Video inasema dakika mbili. Ni kweli, dakika mbili, ukishaanza jana. Vikombe vitatu vya mchele kwa kimoja cha choroko nyeusi zilizokobolewa, uwatu kidogo, loweka saa sita, saga mpaka uwe uji laini, acha uumuke usiku kucha. Wenzetu wa nchi za baridi wanaufungia kwenye oveni yenye taa upate joto. Mimi nikaufunika na kanga, nikauweka juu ya friji, Dar, mwezi wa Januari. Alfajiri mama watoto akaamka kuchukua maji akakanyaga kitu. Uji ulikuwa umeinua kifuniko, umeshuka friji, umepita droo ya vijiko, umeingia kwenye kiatu changu cha kazini na ndani ya kiatu bado unaendelea kutoa mapovu. Kilichobaki nikakipika. Mama wa video anasema usihuzunike, dosa ya kwanza huwa ni ya kikaango. Kikaango changu kina njaa. Kilikula zote.

Ndipo nikarudi kwa mwenyewe, kuku wa siagi, chanzo cha kesi. Huyu ndiye wa kisasa, wanampika mpaka kwenye mashine za umeme za mezani. Nikasoma historia yake kwanza, safari hii nisionewe. Kumbe wengi wanasema alizaliwa Delhi, mgahawa wa Moti Mahal, mtaa wa Daryaganj. Mmoja wa wenye mgahawa, Kundan Lal Gujral, alitokea Peshawar, India ilipogawanywa mwaka 1947 akahamia Delhi. Walikuwa wanachoma kuku kwenye tanuri la udongo. Simulizi ya familia yake ni kwamba kuku waliobaki walikuwa wanakauka, ikaonekana ni hasara, wakatengenezewa mchuzi wa nyanya, siagi na krimu wapate kulainika.

Soma tena hapo. Kuku waliobaki. Nimekula mshahara wangu wote huo, nimefumaniwa, nimetiwa jikoni, kwa ajili ya kiporo! Nilipomwambia mama watoto alinyamaza. Akafungua friji. Akanionyesha kiporo cha Jumanne.

Nikapika hivyohivyo. Kuku alale kwenye mtindi, tangawizi, saumu na viungo, usiku mzima, halafu video inaita "ya nusu saa". Mchuzi unataka korosho zisagwe ziwe laini ziupe uzito. Korosho bei yake unaijua. Nilinunua za kutosha kabisa, nikaziweka mezani, nikakaa nazo nikisubiri nyanya ziive. Ilipofika zamu ya blenda hazikuwepo. Nyumba hii ina watu wa ajabu. Mwisho yanafikichwa majani makavu ya uwatu juu. Mama watoto akanusa toka sebuleni akauliza nani kajifungua.

Rangi ikagoma. Wa mgahawani mwekundu, anameremeta. Wangu alitoka rangi ya kaunda suti ya babu. Lakini alikuwa amepikwa, na ana siagi, nikaona haya si haba. Nikamjaza kwenye bakuli zuri la wageni, nikafunika na kitambaa, nikapanda ngazi kwa Baa kurudisha fadhila. Akafungua mlango. Akafunua kitambaa. Akakifunika tena polepole.

"Baba, mimi sili nyama. Tangu nimezaliwa."

Jengo zima linajua, nasikia. Mpaka paka wa mle ndani anajua, anakwenda kula kwa watu wengine. Nimeishi chini yake miaka yote hiyo, na kumbe harufu zote nzuri zilizokuwa zinanishukia dirishani zilikuwa mboga. Hakukasirika. Akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi na kachori, akanifundisha panir ya kuweka badala ya kuku: chemsha maziwa, kamulia ndimu, yakatike, chuja kwa kitambaa, kandamiza na kitu kizito. Nikateremka na bakuli langu mkononi, kila mlango uko wazi.

Kuku tukamla wenyewe, kwa ugali. Mtoto mkubwa akauliza hiki kinaitwaje, nikamwambia kuku wa siagi, akamwangalia mama yake kuhakikisha.

Na nisikilize. Huko Delhi kwenyewe hawakuelewana. Januari 2024 familia ya Gujral ilikwenda Mahakama Kuu ya Delhi kuushtaki mgahawa mwingine, uitwao Daryaganj, unaosema ni mzee wao, Kundan Lal Jaggi, mbia wa Gujral enzi hizo, ndiye aliyebuni yule kuku. Kurasa 2,752 za madai! Fidia, dola 240,000! Mama watoto akasema haya sasa, umepika mali ya watu, watakuja na kwako. Waje. Nawakaribisha na mawakili wao. Naweka sufuria mezani, hakimu anaonja, halafu nione nani atasimama mbele za watu aseme hiki alikibuni babu yake.